Wimbo wa Mama Sasa Una Jina la Mheshimiwa

Jumatatu, Kitale. Kumenyesha tangu asubuhi, wateja dukani kwangu ni wachache, na mimi sina hamu ya kuongea na mtu.

Juzi nilinunua albamu tatu pale Bungoma. Ya kwanza ni ya injili. Nyimbo zote zina mdundo mmoja, kama mtu anayetwanga mahindi bila nia ya kupika. Ya pili ni ya kijana wa Bumula anayejiita mfalme. Mfalme wa nini, hajasema. Anatukana wasichana mwanzo hadi mwisho, halafu anamshukuru Mungu.

Hizo ni mbaya tu. Ya tatu ndiyo imeniumiza.

Ni ya Mjomba Wanyonyi, kaka wa marehemu mama, anayepiga litungu, ala yetu ya nyuzi, kule Kabuchai tangu sijazaliwa. Siku tulipomzika mama alisimama kando ya kaburi na litungu lake akamwimbia: Nekesa, umetuachia nani. Tangu siku hiyo nimengoja wimbo ule urekodiwe. Nikaweka CD, nikakaa.

Kinanda. Kisha ngoma ya kompyuta. Nyuzi za litungu zinasikika kwa mbali, kama mgeni anayebisha kwa jirani. Na pale pa Nekesa, mjomba anaimba jina la mheshimiwa wetu, mbunge.

Kwenye wimbo wa matanga ya mama yangu.

Nikampigia Simiyu, mtoto wa mjomba, ndiye aliyesimamia kurekodi. Hakuona haya. "Si ni jina tu, bana. Ati marehemu atatupeleka redioni?"

Jana sikuenda kanisani. Nilienda Kabuchai kumwambia mjomba vile mtoto wake amemharibia kazi. Nilimkuta nje akipukuchua mahindi.

"Simiyu amebandika jina la mtu kwa wimbo wa mama," nikamwambia.

Hakuinua kichwa. "Hakubandika. Ni mimi niliimba."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Nimepiga litungu mpaka vidole vimepinda," akasema, "na hakuna aliyeniita popote. Sasa wananiita. Huyo mheshimiwa akipita, naitwa jukwaani."

"Na mama?"

"Nekesa alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako. Wimbo ni wangu. Nitamtungia mwingine."

"Ule ulishampa, mjomba. Ulimpa mbele ya watu."

Mahindi yakaendelea kudondoka kwenye beseni. Shangazi, mke wake, akaleta chai, na mimi nikasimama nikaenda bila kuigusa. Najua kwetu hilo ni tusi. Nilitaka liwe tusi.

Usiku kucha nilijiuliza kama nina haki. Labda mtu anaweza kuchukua alichotunga. Labda vidole vile vilivyopinda vinastahili jukwaa moja kabla ya kufa. Nimejaribu kumhurumia. Nimeshindwa.

Leo mchana duka la simu lililo karibu na langu wameupiga wimbo ule, sauti juu, watu wanatikisa mabega wakikinga mvua barazani. Kila ulipofika kwa jina la mheshimiwa, nikaimba Nekesa, kwa sauti yangu hii mbovu, nikiwa nimeshika mizani mkononi. Mteja mmoja akauliza, "Nekesa ni nani?"

"Mwenye wimbo," nikamwambia.

Kesho wataupiga tena. Sawa. Mimi pia nitakuwa hapa.