Dawa ya Nestor

Jumatatu, 3 Machi

Mazoezi Base Camp, hapa kwetu kambi ya wakimbizi. Vumbi mpaka kwenye meno. Mimi kipa wa akiba, yaani mlinzi wa benchi — kazi nzuri, unaona kila kitu. Leo nimeona Nestor, mfungaji wetu, hachechemei. Wiki jana goti lake lilikuwa papai! Jumamosi tunacheza na timu ya kambi ya jeshi Mbarara, na mtu wa klabu moja ya mjini atakuja kumtazama.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Anatole, kapteni wa timu yetu, kamsikia Nestor kwenye simu: bila dawa hawezi kucheza. Dawa! Kwetu neno hilo lina milango miwili, wa famasi na wa mganga. Timu nzima imeingia wa pili. Mama yake, Mama Marcienne wa kikundi cha maombi, ameanza kufunga na kusali.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemuuliza mwenyewe. Akacheka polepole, kama mtu aliye chini ya maji. Ni vidonge vya maumivu. "Goti lilishapona, ndugu yangu. Nikimeza, hata mambo ya vita kule Uvira siyaoni tena."

Nikacheka pia. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 8 Machi

Mbarara. Askari, wake zao, watoto, kelele. Mtu wa klabu yupo, kofia nyeupe.

Mapumziko, moja bila. Nestor kafunga kama anayeota. Afande mmoja kapiga kelele: "Nyinyi! Namba tisa yenu nalala!" Watu wakacheka. Mimi hapana.

Kisha Anatole akachomoa kifuko kwenye soksi ya Nestor. "Hirizi! Si niliwaambia?" Kocha Ulrich akakifungua. Vidonge.

Wote wakapumua!

"Aleluya! Kumbe iko dawa ya hospitali tu!" Mama Marcienne, aliyesafiri nasi, akalia kwa furaha, akamkumbatia mwanawe. Hakuna aliyeuliza anameza vingapi.

Nikasema: Kocha, muangalie macho.

"Weye wa benchi, tulia." Akanitupia kifuko. "Umuchungie dawa yake."

Filimbi. Kipindi cha pili. Naandika hapa hapa benchini, kifuko nimekikalia. Mpira uko kule, Nestor yuko huku kwenye mstari, mkono ameunyoosha.

"Ndugu. Leta."

Kofia nyeupe inatutazama. Mama Marcienne naye ananihimiza — si umpe mtoto dawa yake!

Sijasimama. Ananiita tena —