Kinga Imezidi, Haijapungua

Jumanne, Kathonzweni. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Moyo wangu pia haujatulia.

Mwaka mzima nimehara damu nikijiambia ni alsa tu, vidonda vya tumbo, maana huku kila tumbo linalouma ni alsa. Wiki jana daktari wa Makindu alinipima kwa kamera ya kuingizwa utumboni, akanieleza polepole. Utumbo umejaa walinzi, seli za kinga. Baadhi yao kazi yao ni kuwatuliza wenzao: acheni, hiki ni chakula, hivi ni vijidudu vyetu vya kila siku. Kwangu hao watulizaji wamelemewa. Wengine wanaupiga utumbo wenyewe, ndiyo maana umevimba.

Nikiwa bado huko, nikampigia mume wangu, Kioko. Nikamwambia shida ni kinga ya mwili.

Jamani, mbona sikutafuta neno lingine!

Huku ukitaja kinga, mtu anasikia upungufu, anasikia ukimwi. Kioko akasema, "Kinga? Haya, utakuja utuambie." Utuambie, yeye na nani? Kabla sijajibu, simu ikaisha chaji.

Jioni nikamfafanulia: kinga imezidi, haijapungua. Akacheka, nikacheka. Nikadhani yameisha.

Leo nimekuwa nikifua. Mfukoni mwa suruali yake nimekuta karatasi ya kliniki. Kipimo cha ukimwi, hana. Tarehe ni ya siku ile ile ya simu, mchana, kabla sijafika nyumbani.

Mgonjwa ni mimi. Mbona aliyekimbia kupimwa ni yeye?

Labda aliogopa nimemletea. Labda aliogopa ameniletea. Nimezikumbuka safari zake za kununua viazi Nunguni, zile anazolala huko, na nimeumia kuliko tumbo lilivyowahi kuniumiza. Karatasi nimeificha ndani ya Biblia yangu. Huko hafungui.

Nimemeza dawa ya kuwatuliza walinzi wa tumbo. Wa moyoni nani atawatuliza? Huenda nampiga mtu wangu bure, kama wao. Huenda pia safari hii adui yupo kweli.

Amerudi saa kumi. Kabla ya salamu ameuliza suruali yake imefuliwa na nani.

Nimemwambia ni mimi.

Kesho, tukimaliza chai, nitaiweka ile karatasi mezani kando ya majibu yangu ya kamera. Yangu ameshayasikia. Sasa anisomee yake.