Nukta Tatu za Bomba la Mvuke

Shinyanga,
17 Oktoba 1978

Mpendwa Dada Mwahija,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Ushirombo kwa wazazi, na kwamba kifua cha mwanao Chausiku kimepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauna raha. Nilitaka kungoja eda yako iishe, nimeshindwa.

Jana ripoti ya ajali ilisomwa hapa kiwandani mbele yetu sote. Inasema marehemu shemeji Sabiti alifungua valvu kwa pupa, mvuke ukaja kwa nguvu, bomba likapasuka na kumuunguza. Kwa kifupi, kajiua kwa uzembe. Watu wakatikisa vichwa. Nami nikatikisa changu pamoja nao, kama mtu asiyemjua.

Si kweli, dada. Sabiti alikuwa mwangalifu hadi tulimtania kwamba hata birika la chai hulifunua kwa mbali.

Unajua kazi yangu ni kupima unene wa mabomba. Bomba lile halitakiwi kupungua chini ya milimita nne. Mwezi wa sita nililipima, mashine ikasoma nne nukta mbili. Lakini mashine yetu hukosea hadi nukta tatu za milimita, juu au chini, kwa hiyo kanuni ni kuzitoa nukta tatu kwanza, ndipo uamue. Ningezitoa, ningebaki na tatu nukta tisa, na bomba lingebadilishwa.

Fundi mkuu, Bwana Vinod, aliniuliza neno moja tu, zima au bovu. Kulibadilisha kungefunga kiwanda wiki tatu, na vibarua wangerudishwa makwao, Sabiti akiwa wa kwanza, maana ndiyo kwanza ameanza. Hakuniomba chochote, huruma ilikuwa yangu. Nikajiambia huenda chuma ni kinene kuliko mashine inavyosema. Nikaandika nne nukta mbili, zima. Zile nukta tatu sikuzitaja.

Leo asubuhi nimempelekea Bwana Vinod maelezo haya kwa maandishi, na nimeomba yasomwe palepale iliposomwa ripoti. Watanifukuza, pengine watanishtaki. Hilo nalistahili. Ninachokiogopa ni macho yako. Siku ya mazishi ulinishika mkono ukasema afadhali mumeo alikuwa karibu nami. Nilikuacha uamini hivyo.

Nitakuja Ijumaa. Kama hutaki kuniona, mwambie Baba anizuie mlangoni, sitabisha.

Wape wazazi shikamoo zao. Chausiku naye mwambie, kabla hajasikia mengine mitaani, kwamba baba yake hakukosea.

Ni mimi mdogo wako,
Salehe