Mji Alionipa Salma

Masaki, Jumapili

Wewe Salma mjukuu wangu, hufiki mpaka mbuzi wamekusahau! Leo umekuja na mchezo wa hadithi, eti dadu ndizo zinaamua nani afe pangoni. Nimeziondoa. Pango nimeliacha lilelile, ila kwangu mlango unafunguliwa kwa kitendawili.

Umeshindwa kutegua. Nikasema, "Nipe mji."

"Chukua Soga, Bibi."

"Soga na treni zile? Nitalala saa ngapi?"

"Basi Masaki."

"Unanipa kwangu mwenyewe, mke mwenzangu?"

Ukacheka, ukanipa Tumbi unakoishi.

Umeondoka, nyumba imepoa. Naogopa nitakufa hujarudi. Lakini nikifumba macho natembea Tumbi yangu, taa zote zangu, nawe umelala humo, wangu.

Ukija tena, leta nguo za kulala.