Sauti Iliyo Kwenye Kanda ya Mpwapwa

Chang'ombe, Jumapili

"Muziki wote wa dunia sasa uko kwenye simu, shemeji. Haya makanda yako yatupe." Ndivyo alivyosema Idrisa leo, mdogo wa marehemu mke wangu, amesimama mbele ya kabati langu kama bwana afya.

Muziki wote! Mtu mzima, amesoma, anatamka hivyo bila haya.

Nikamwuliza, "Dada yako yuko kwenye simu gani?"

Nikaweka kanda niliyorekodi mwenyewe kwenye dansi kule Mpwapwa, nimepakata redio kaseti. Gitaa limefifia. Mwimbaji anakatiza ubeti kumtaja aliyekwenda kumtuza, kama ilivyokuwa desturi: "Mama Zuhura, asante mama!" Kisha anasikika mke wangu mwenyewe, anarudi mezani akicheka: "We Baba Zuhura, inua hiyo redio, unarekodi viatu vya watu!"

Idrisa akageukia ukutani, kwenye ubao nilikomchora dada yake kwa rangi za mabango, na hereni za vizibo vya soda.

"Pua umemkosea," akasema.

Ni kweli.

Lakini utepe umeanza kukwaruza, na sina sauti yake nyingine popote. Hilo linanitisha kuliko nilivyomwonyesha Idrisa.

Kesho nitawatumia wanangu maneno haya, bila kupunguza hata moja: Zuhura na Salimu, simu mnazozisifu zina kazi hapa. Njooni wiki hii muinakili sauti ya mama yenu kabla utepe haujakatika.