Ubeti wa Mwanafunzi Unaandikwa Ukutani kwa Jina Langu

Mshauri wangu, shikamoo. Nimekusoma miaka mingi nikicheka ya wenzangu, leo yamenifika mimi, naomba unijibu kabla ya Alhamisi.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mashairi nayatunga nikiwa nashona, mguu kwenye kikanyagio na mdomo unanong'ona, na ndivyo nilivyosikika redioni mpaka chuo kikuu kikaniita nikae muhula mzima kama malenga wao, nikapewa chumba, meza pana, kiti kinachozunguka na kibao cha jina mlangoni, cherehani nikaiacha nyumbani maana niliona aibu kuingia nayo kwa wasomi, na tangu siku hiyo sijatunga hata mstari mmoja, nakaa nasikiliza saa ya ukutani.

Kazi yangu nyingine ni kusahihisha tungo za wanafunzi, na kuna binti wa mwaka wa pili, wenzake wanamwita Bibi kwa anavyotembea taratibu, alifiwa na mama yake mwaka jana, akaniletea tungo yake, nami nikanakili mistari miwili kwenye daftari langu ili nimwoneshe namna ya kuunganisha na inayofuata, haki ya Mungu nia ilikuwa hiyo tu:

Kiti chako kimebaki, shali yako mgongoni,
Kuikunja sidiriki, nawe hujarudi ndani.

Daftari likiwa wazi mezani akaingia mkuu wa idara, akasoma, akavua miwani, akasema, "Mama, hiki ndicho tulichokuitia," nikafungua mdomo nimwambie ukweli, ikatoka "asante". Sasa hapa kila malenga akimaliza muda wake huacha maneno yake kwenye ukuta wa maktaba, fundi wa rangi ameshapima ukuta aandike Alhamisi, tangazo lenye mistari ile limebandikwa na jina langu chini, na juzi nilimkuta Bibi amesimama analisoma, akageuka akasema, "Shikamoo, mwalimu. Limependeza," akaenda zake, na toka hapo hajaleta tungo nyingine. Mlango ukigongwa mikono inanitetemeka, nawaza siku atakayosema nitaumbuka mpaka redioni, wateja wangu wataniitaje. Dada yangu ananiambia, "Nyamaza wewe, huyo mtoto ataandika mengine." Nimefikiria kuugua Jumatano. Nisaidie, naogopa sana.

Fundi asiyelala

JIBU

Fundi, pole. Sasa nikuseme kidogo.

Barua yako nimeirudia mara mbili. Umeogopa redio, umeogopa wateja, hata aliyepima ukuta umemtaja kwa hofu. Binti mwenyewe umemgusa ukampita. Wewe unaogopa atasema. Mimi kinachonitisha ni kwamba ameacha kuleta tungo. Mtoto kafiwa, kaandika shali ya mama yake, akaileta kwa mtu mzima aliyemwamini, na mtu mzima huyo akaivaa. Ulitaka akuambie nini pale kwenye tangazo? Amekuamkia na kukusifu kwa sababu amelelewa vizuri, usidhani ameridhika.

Nia yako ya mwanzo naiamini. Mambo haya huanza hivyo, mtu kazubaa, kasifiwa, kanyamaza. Ila kunyamaza kwa dakika moja kulikuwa woga, na kunyamaza mpaka ukuta umepimwa ni wizi, mama yangu, hatuna jina lingine. Dada yako anakupenda, lakini kwa hili akae kando. Na huo ugonjwa wa Jumatano uache, ukuta utaandikwa hata ukiwa umejifunika shuka.

Fanya hivi leo, ukimaliza kunisoma. Anza na Bibi, kabla ya mkuu wa idara. Usimwite kwenye kile kiti chako cha kuzunguka, mfuate bwenini. Mwambie, "Nilichukua kilicho chako, nikanyamaza." Usimweleze habari ya saa ya ukutani, na usilie mpaka aanze kukubembeleza wewe. Muulize anataka ubeti uandikwe kwa jina lake, au ufutwe kabisa ubaki kwake. Mama ni wake, uamuzi ni wake. Akikataa kukusamehe, itikia uondoke. Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwa mkuu na daftari mkononi, tangazo libanduliwe kabla jua halijazama.

Utaumbuka, sitakudanganya. Huenda kibao kikang'olewa na redio wakakaa kimya muda mrefu. Utarudi kwenye cherehani yako, ambayo hukupaswa kuionea aibu tangu mwanzo, na sidhani kama huko mdomo utakuwa mkavu.

Unasema mlango ukigongwa mikono inakutetemeka. Huko bwenini upo mlango mwingine, na nyuma yake kuna mtoto hajui kama aendelee kuandika. Itetemeke hivyohivyo, lakini nenda ukagonge.