Njuga za Dastani

Kitendawili, mume wangu Dastani! Nikikaa amelala, nikikimbia analia. Huitiki "Tega," nami nimetega hivyo hivyo. Jibu ulilijua tangu ukitambaa: njuga.

Mwaka umetimia tangu mikuki ikutwae, mjukuu wangu niliyekuita mume kwa utani, mkimbiaji wa chuo cha misheni.

Bwenini uligawana ugali wako na aliyenyimwa chakula kwa adhabu. Likizo ulinitwangia mtama, wala hukuona haya kushika mchi. Na mdomo wako je! Rafiki yako Kasiani, wa pili siku zote, ulimwambia: "Kisogo changu umekizoea. Uso wangu utauona lini?"

Naye: "Siku utakayojikwaa, we miguu ya korongo!"

Padri hakuzipenda njuga, eti ni za ngoma. Mkamwambia nyasi zinamfunika mtu. Bila njuga, waamuzi watajuaje mkimbiaji yuko wapi? Asubuhi ya mashindano nilikufunga zako mwenyewe, fundo la kukaza, zisidondoke njiani.

Mlipofika mtoni Lukuledi, wapiganaji wakatokea ng'ambo wakipaza sauti, "Maji! Maji!" Wenzako Petro na Stefano walichomwa mikuki wangali majini, mto ukageuka damu. Ninyi wengine mkajitupa nyasini. Njuga zikalia, nao wakaifuata sauti.

Wenzako walifungua zao, wakazibana viganjani. Wewe ulichomoka na njuga miguuni ukaelekea mlimani, kundi zima la wapiganaji nyuma yako. Waliyokutenda huko sitayaandika. Mama yako alikutambua kwa nyayo.

Kisha askari wa Mdachi wakaja kulipiza. Walichoma maghala ya mtama, wakawanyonga wanaume, hata Mzee Rajabu aliyelichimba kaburi lako. Wakasema wanafanya kwa ajili yenu. Nani aliwatuma?

Watu wanasema ulishindwa kulifungua fundo langu. Mwaka mzima nimemwuliza Kasiani, naye huinama tu.

Hatujakusahau, wala hatutakusahau, hadi tutakapoonana: bibi yako Dominika, baba yako Yeremia, mama yako Sikudhani, dada yako Sophia. Na Kasiani, aliyekuja leo kukufagilia kaburi. Nikamwuliza tena, "Fundo langu lilimshinda mjukuu wangu?"

Akauweka ufagio chini.

"Alilifungua, Bibi. Kisha akazifunga upya, akaninyang'anya na zangu, akazifunga juu ya zake. Nikamshika mguu. Akasema, 'Niache. Kisogo changu umekizoea.'"